Mkwe Nyuma ya Pazia

Katika upande wetu wote wa mji, kuanzia ploti za mabati zilizo chini ya mtaa wa Majimbo mpaka sokoni, serikali iliweka mtu mmoja wa kupima akina mama kansa ya mlango wa kizazi. Mtu huyo ni mwanamume. Anaitwa Njue, na amemuoa binti yangu Kiende. Ni mkwe wangu.

Mkubwa akisoma hapa atauliza, sasa tatizo liko wapi. Mtu wa kwetu hataniuliza. Ameshajua mke wangu alikufaje.

Mimi ni Mwongera. Nilitoka Meru nikiwa kijana, nikaja Embu kutafuta kazi, na kazi niliyoipata ni mkokoteni. Mpaka leo navuta viazi, navuta ndizi, navuta viti vya harusi na vya matanga. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe. Mke wangu, Felicitas, alikuwa akiuza uji mchachu pale wanaposhushia malori. Wapakiaji walikuwa wakisema ukinywa uji wa Mama Kiende asubuhi, gunia la viazi linakuwa mto wa kulalia.

Kwetu Meru, na hapa Embu pia, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Wakikutana njiani, mama anashika kando na kujifunika kichwa, kijana anainamisha macho mpaka apite. Hawali meza moja. Hawashikani mikono. Akija nyumbani anakaa sebuleni, na mama anamsalimia akiwa jikoni, ukuta ukiwa katikati. Heshima hiyo tunaiita uthoni, na mkwe ni muthoni. Si uadui. Ni upendo uliozungushiwa ua.

Njue alipenda sana ule uji. Akipita sokoni kwenda zahanati, anasimama nyuma ya lori, mahali ambapo Felicitas hamwoni. Felicitas anajua yuko pale. Anamimina kikombe, anasema hewani, "Kuna mtu ana njaa upande ule." Mimi nachukua kikombe, napeleka. Njue anakunywa, anasema hewani naye, "Mwenye uji abarikiwe." Narudisha kikombe. Wapakiaji walikuwa wakituchekea, wakisema mimi ndimi posta.

Siku Njue alipoleta mahari, akina mama wote wa chama cha sokoni walikuja kusaidia kupika. Wakapewa nyama ya akina mama, wakaila pamoja na Felicitas. Kwa desturi, aliyeila nyama hiyo naye amekuwa mama mkwe. Kwa hivyo kijana wa watu alitoka kwetu jioni hiyo akiwa na mama wakwe soko zima, wa nyanya, wa mitumba, wa omena. Tulicheka sana. Kagure, rafiki wa mke wangu anayeuza nyanya, alisema, "Huyu atatembea mji huu akihesabu vidole vya miguu yake mpaka azeeke."

Wakati huo Njue alikuwa muuguzi wa kudunga sindano na kufunga vidonda. Hakuna aliyefikiria mbali zaidi ya hapo.

Halafu Felicitas akaanza kutoka damu. Alikuwa amepita umri huo, mambo ya mwezi yalikuwa yamemwacha zamani. Alimwambia Kagure kwanza, kisha akaniambia mimi, akiwa amenipa mgongo, akikoroga sufuria. Nikamwambia twende zahanati. Akasema kuna wakubwa wanakuja uwanjani na mahema wiki ile, wanapima bure, ataenda huko na wenzake.

Walikuja kweli. Spika kubwa kubwa, vijana wa kucheza muziki, fulana za bure. Mimi nilikuwa pale kwa kuwa ndimi niliyevuta viti. Mkubwa wa afya wa upande wetu, mama mmoja anaitwa Madam Nelius, alishika kipaza sauti akasema, "Akina mama, acheni woga. Kansa hii ikijulikana mapema inatibika. Jitokezeni." Felicitas na wenzake wa chama wakajitokeza. Walipanga foleni mbele ya hema lenye pazia la buluu, wamevaa zile fulana juu ya nguo zao, wakitaniana.

Kagure ndiye aliyekuwa mbele. Akachungulia, akarudi nyuma haraka.

"Mama Kiende, unajua nani ako ndani?"

"Si daktari."

"Daktari ana jina. Ni wako."

"Wangu nani?"

"Wetu sote. Muthoni."

Kabla Felicitas hajajibu, pazia likafunguliwa. Njue akatoka amevaa glavu, akaita anayefuata. Walionana. Mke wangu akavuta leso kichwani mpaka usoni. Njue akageuka, akabaki ameangalia kitambaa cha hema kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Na chama chote kikatawanyika, huyu huku, yule kule, kama kuku walioona kivuli cha mwewe.

Kijana mmoja wa kugawa fulana akacheka. "Mathee, mnatoroka nini? Hata si sindano."

"Subiri siku mamako ataitwa avue na mume wa dadako," Kagure akamjibu, "ndio utajua tunatoroka nini."

Kule mbele Madam Nelius aliona foleni imeisha. Akasema kwenye spika, mji wote ukasikia, "Wengine wanaondoka. Hiyo ndiyo shida yetu. Ujinga ndio unatuua."

Jioni Njue alinifuata kwenye kituo cha mikokoteni. Alikaa kwenye mti wa mkokoteni wangu.

"Baba, Mama leo alikuwa kwenye foleni."

"Alikuwa."

"Mtu kama yeye hapangi foleni jua lile bila sababu." Akakwangua udongo kwa kiatu. "Kuna damu?"

Swali kama hilo mkwe haulizi. Lakini aliuliza akiangalia chini, na mimi nikajibu nikiangalia gurudumu. "Iko."

Akanieleza kazi yake, na alinieleza vizuri kwa sababu mimi si mtu wa vitabu. Akasema wanachopaka ni kama siki tu, ndugu ya ile inayowekwa kwenye kachumbari. Mahali penye ugonjwa panageuka peupe. Pakiwa padogo panagandishwa kwa baridi, mtu anashuka kitandani anarudi kwake kwa miguu.

"Na pakiwa pakubwa?"

"Pakiwa pakubwa, Baba, ni Nairobi. Na huko foleni yake si ya uwanjani."

Nikamuuliza kama serikali yote ilikosa mwanamke wa kusomesha. Akasema walisomeshwa wawili pamoja, yeye na Sista Beth. Lakini Beth alichukuliwa ofisini kwa Madam Nelius.

"Kufanya nini huko?"

"Kupanga semina."

"Semina za nini?"

Njue akafikiri kama aniambie au asiniambie. "Za kuhimiza akina mama wapimwe."

Nilienda kwa Madam Nelius mwenyewe. Niliacha mkokoteni nje ya lango, askari akanifokea niuondoe kwenye maua. Nilingoja kwenye benchi mpaka watu wa suti wakaisha. Nilipoingia alinikaribisha vizuri, siwezi kusema uongo. Nikamweleza. Akatabasamu.

"Mzee, daktari hana mama mkwe. Akishavaa koti jeupe ni daktari tu. Siku hizi za dijitali bado tunaongea mambo ya uthoni?"

"Madam, umeolewa?"

"Hiyo inahusu nini?"

"Mamako anamsalimia mumeo akiwa wapi?"

Aligeuzageuza kalamu yake. Mtu wa kwetu huwezi kumdanganya kwa jambo hilo. "Akiwa jikoni," akasema. "Mlango ukiwa umefungwa."

Nikafikiri tumeelewana. Nikamwambia, basi tupe Beth siku moja. Siku moja tu, aje zahanati, chama chote cha sokoni kitapimwa, hata mimi nitawabeba kwa mkokoteni wale wasioweza kutembea. Akasema Beth ana majukumu. Nikasema hata nusu siku. Akasema, "Nimekusikia, mzee. Tutaliweka kwenye mpango." Akasimama. Mkubwa akisimama ujue umeshatoka.

Watu huniuliza kwa nini hatukwenda kwingine. Tulikwenda. Hospitali za watu binafsi tuliziuliza bei tukiwa mlangoni, tukageukia pale pale mlangoni. Hospitali kubwa ya serikali wakataka barua kutoka zahanati ya mtaa. Zahanati haiandiki barua kabla mtu hajapimwa. Na wa kupima ni Njue. Ukizunguka hivyo mara moja unafikiri umekosea njia. Ukizunguka tena unajua ndivyo njia ilivyochongwa.

Ndipo Lenah, dadake Felicitas anayekaa Meru karibu na Makutano, akapiga simu. Alikuwa amesikia kuna zahanati kule ina sista wa kupima. Mwanamke. Mke wangu aliimba siku hiyo akiosha vikombe. Tulifunga safari. Alivaa nguo yake ya kanisani, na ndani yake nyingine mpya, maana alisema kama mtu ataonwa na mgeni, aonwe akiwa nadhifu.

Sista yule alikuwa mtu mzuri, mwenye maneno laini. Alimwingiza Felicitas, akamkalisha kitandani, mimi na Lenah tukabaki mlangoni. Halafu akafungua kabati. Akafungua la pili. Akatoka.

"Dawa ya kupaka imekwisha," akasema. "Tumeagiza. Mrudi mwezi ujao."

"Ile dawa si siki?" nikamuuliza.

Akaniangalia. "Ni kama siki."

Lenah hakungoja. Alivuka barabara pale Makutano katikati ya malori, akaingia dukani, akarudi na chupa. Siki, imeandikwa hivyo. Akamwekea sista mezani.

"Mama, hii ni ya chipsi," sista akasema.

"Na hiyo yenu ni ya nini?"

"Hiyo yetu inatoka stoo ya serikali. Nikitumia ya duka na kitu kitokee, nitafukuzwa kazi. Nina watoto."

Lenah akamwomba. Mimi nikamwomba. Sista alikuwa karibu kulia, lakini alikuwa amezuia chupa ile kwa mkono kama mtu anayezuia mtoto asikaribie moto. Simlaumu. Nailaumu stoo iliyo na kufuli na haina siki, na nawalaumu waliopewa ufunguo wake.

Felicitas alisikia yote kutoka kitandani. Alitoka akifunga leso yake. Akachukua chupa mezani, akaitazama kwenye mwanga.

"Kumbe mimi ni kachumbari," akasema, "na bado nimekosa siki."

Lenah akacheka mpaka akashika ukuta. Hata yule sista. Mimi pia nilicheka. Sikujua kwamba sitamsikia tena akitania hivyo. Aliweka chupa kwenye mkoba akasema tutaibeba, siku moja tutapata mtu wa kuifungua.

Mwezi uliofuata Lenah alienda kuuliza kwa niaba yetu. Dawa ilikuwa haijafika. Tulipomwambia aulize tena, sista naye alikuwa amehamishwa.

Mvua ikaja, ikaisha. Damu haikuisha. Halafu ikaja harufu. Nalisema kwa sababu nimechoka na wale wanaoongea kuhusu kansa kwenye spika kama ni jina la mgeni mashuhuri. Ilikuwa harufu, na mke wangu alikuwa mtu wa kuuza chakula. Alioga asubuhi, akaoga mchana kwenye bafu la ploti, akajifunga vitambaa. Wapakiaji ni watu wakali lakini hawakumwambia neno. Walianza tu kunywa uji upande ule mwingine, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Siku moja alimwaga sufuria nzima kwenye mtaro, akazima moto kwa maji ya kuoshea vikombe, akaniambia, "Baba Kiende, nipeleke nyumbani." Nikampakia kwenye mkokoteni. Kagure alifunika nyanya zake akatusindikiza mpaka nyumbani akiwa ameshika ubao wa nyuma.

Kiende ndiye aliyeamua. Huyo ni mtoto wangu, na ni mke wa Njue, alikuwa amesimama katikati ya ule ukuta akisikia pande zote mbili. Alipanda mpaka Kibugu, kijijini kwa wazazi wa mumewe. Siku iliyofuata alirudi na mzee Mbae, babake Njue, mkulima wa chai, mtu asiyependa kushuka mjini. Alikuja na mbuzi.

Mzee Mbae alikaa nje, mahali ambapo Felicitas angemsikia kupitia dirishani, akasema, "Mama Kiende, hatuji kuvunja uthoni. Tunauweka chini kidogo, mgonjwa atazamwe, halafu tutauokota."

Felicitas akajibu kutoka ndani, "Wazee wamekubali mimi nivuliwe na mtoto wangu?"

"Wazee wamekubali upone."

"Mngekuja nikiwa ninatembea."

Mzee Mbae aliangalia mbuzi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa amemwita, na kungekuwa na sista mmoja katika zahanati ile, hakungekuwa na haja ya kumwita. Mbuzi si dawa. Mbuzi ni kitu kinachotafutwa wakati waliopewa kazi wameikataa.

Tulimchinja. Maneno yanayosemwa yakasemwa. Felicitas akakubali, lakini akaweka sharti lake, kwamba Kiende awe ndani, na amfunike mamake uso kwa leso, ili asimwone anayemwona.

Jumapili, zahanati ikiwa imefungwa, Njue alifungua kwa ufunguo wake. Nilimleta mke wangu kwa mkokoteni nikiwa nimetandika godoro. Kwenye mkoba wake ilikuwa ile chupa ya Makutano, maana alikataa kuiacha. Kiende akamwingiza. Pazia likavutwa, lile lile la buluu. Mimi nikakaa nje kwenye mti wa mkokoteni, nikasikiliza wimbo ukitoka kanisani ng'ambo.

Hawakukaa sana. Hilo lilinitia moyo, nikafikiri jambo dogo huisha haraka.

Njue alitoka peke yake. Alikuwa ameshika chupa. Akanipa, na kifuniko chake kilikuwa vile vile kama kilivyotoka dukani.

"Siki sikuifungua, Baba," akasema.

Nikakigusa kile kifuniko.

"Haikuhitajika. Inaonekana bila siki."

Akaenda akasimama nyuma ya jengo la choo, na nikasikia mtu mzima akilia na kujizuia. Ndani, Kiende alikuwa akimvisha mamake. Felicitas aliniuliza tu, tukiwa njiani, "Amesemaje?" Nikamwambia amesema tutaenda Nairobi. Akasema, "Ni hivyo," akajifunika uso kwa leso, na hakuifunua mpaka tukafika.

Barua ikaandikwa, sasa barua ilikuwa rahisi. Nairobi wakatupa tarehe ya mashine ya mionzi, ya mbali. Alilala katika nyumba ya mabati akingoja tarehe hiyo, na dawa ya maumivu aliyokuwa akipewa ni ile ya kichwa. Mwisho alikuwa mwepesi kiasi kwamba ningembeba kwa mkono mmoja kama kuni, na alikuwa akinisihi nisimguse. Alikufa tarehe haijafika. Tulimzika Meru, kwa watu wetu. Njue alishika koleo tangu mwanzo mpaka udongo ukaisha, na hakumpa mtu.

Nimesikia wanaosema mila ndiyo iliyomuua. Wameandika hivyo hata kwenye magazeti kuhusu wengine, kwamba wanawake wa huku wanafungwa na mila. Mimi nasema hivi. Mila ilikuwepo kabla ya ile zahanati kujengwa. Hawakuikuta imejificha. Madam Nelius anaijua, mamake anafunga mlango wa jikoni. Waliopanga nani asomeshwe na nani akae wapi ni watoto wa akina mama hawa hawa, wamekula nyama hizo hizo za mahari. Ukijenga daraja na unajua mto unafurika, halafu likachukua watu, huendi matangani kuulaumu mto. Hawa waliulaumu mto kwa kipaza sauti.

Mwaka huu wamekuja tena. Uwanja ule ule, spika zile zile, fulana za rangi nyingine. Wakaniita nivute viti, nikavuta, kwa sababu sina kazi nyingine. Njue alikuwa hemani nyuma ya pazia, amekaa kwenye stuli, ananisubiri nimsalimie. Nikamsalimia.

Madam Nelius alinitambua. Akanishika mkono mbele ya watu, akasema mzee huyu alipoteza mke kwa sababu ya kuchelewa, atatupa ushuhuda. Nikapewa kipaza sauti. Sijawahi kushika kitu hicho. Nikatazama meza ya wageni, yenye kitambaa cheupe na maua, na hapo nikaona mwanamke mnene, mpole, akizunguka kwa wageni na chupa za maji, akimfungulia kila mmoja na kumwekea glasi. Nikamuuliza kijana aliyekuwa kando yangu yule ni nani. Akasema, "Ni Sista Beth wa ofisini."

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mwenye kujua kupima yule pale. Mwondoeni kwenye maji, mumweke kwenye pazia."

Niliona Beth amesimama na chupa mkononi. Aliangalia hema. Nadhani angekwenda, alishapiga hatua. Lakini mgeni mmoja alinyoosha glasi yake, na Madam akanipokonya kipaza sauti kwa upole, akasema, "Asante sana, mzee wetu bado ana uchungu," na muziki ukafunguliwa.

Foleni haikuwepo. Akina mama wa chama walikuwa wamekaa kwenye viti nilivyovileta, wamevaa fulana, wanapiga makofi mahali pa kupiga makofi. Yule mbuzi wa Kibugu alikuwa wa Felicitas peke yake. Uthoni wa wengine bado umesimama ulivyokuwa. Na mzee Mbae hana mbuzi wa soko zima.

Wakubwa walipoondoka nilianza kukusanya viti. Kagure alikuwa amebaki kwenye chake. Nikamngoja ainuke, hakuinuka.

"Baba Kiende," akasema, "hebu niambie. Felicitas ugonjwa ulimwanza namna gani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu. Mtu haulizi?"

Alikuwa ameikunja leso yake mapajani na kuishikilia kwa mikono miwili. Nikatazama uwanja. Gari la Beth lilikuwa limeshaondoka pamoja na meza na maua. Pazia la buluu lilikuwa bado limening'inia, na chini yake vilionekana viatu vya Njue.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia damu ya kwanza, sikuacha kitu. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesomewa kitu anachokijua.

"Haya," akasema mwishoni.

"Kagure, nikuitie Njue? Tumtume mtu Kibugu tena?"

"Mimi ni mzima, Baba Kiende. Nimeuliza tu."

Akasimama, akanipa kiti. Njia ya kwenda kwake inapita mbele ya lile hema. Kagure alijifunika kichwa, akazunguka kwa nyuma.